Aliyetufundisha Kuhesabu Hofu

Mwalimu aliogopa paka. Naanza na hili makusudi, maana wanafunzi wake wakimtaja humfanya kama mtu aliyechongwa kwa jiwe, na mimi nakataa. Mtu aliyeshika mguu uliooza kwa mikono miwili, huku akimwuliza mwenye mguu habari za wajukuu, ndiye huyo huyo aliyekuwa akikutana na paka mwembamba kwenye kichochoro cha Mji wa Kale akasimama, akakusanya buibui lake, akangoja. Na Mji wa Kale, mwaujua wenyewe, paka ni wengi kuliko wapangaji. Siku moja nilimkuta amejibanza ukutani, vitabu kifuani, nikadhani ameugua. Akanionyesha kwa kidevu: paka watatu wamelala juu ya ngazi. Nikawafukuza. Akapita, akatengeneza mtandio wake, akaniambia nisimwambie mtu.

Kwao wapi, babake nani, alisoma wapi, hayo waulizeni jamaa zake. Mimi namjua tangu siku nilipoingia chuo cha uuguzi hapa kisiwani Mombasa, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye sare ya kupwaya na roho nyepesi. Alitufundisha kazi za wodini: kutandika kitanda na mgonjwa yumo, kuosha kidonda, kupima presha, kumwandaa maiti. Na alitufundisha mashairi. Ndiyo, mashairi, msinitazame hivyo.

Kila Jumatano saa kumi, tukishatoka wodini na miguu imetuvimba, alitugawia madaftari yetu. Kila mtu aandike ubeti mmoja, mishororo minne, juu ya kitu kilichomtia hofu wiki ile. Si mapenzi, si nasaha, si sifa za mji. Hofu tu. Na uwe ubeti wa haki: mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, vina vya kati na vina vya mwisho. Aliyelalamika kwamba hajui kutunga aliambiwa kwamba hata mamake hakujua kuzaa mpaka alipozaa.

Mwanzoni tulimcheka. Nyuma ya mgongo wake tulihesabu mizani ya majina ya dawa. Lakini nawaambia kweli, hofu ya mwanafunzi wa uuguzi si hofu ya mtihani. Mtihani ukikushinda hakufi mtu. Sisi tulikuwa watoto waliotoka juzi kwa mama zao, tukaambiwa tuwavue watu wazima nguo, tuwaguse pale panapouma, tuwafunge vidole vya miguu wakishakata roho. Nilikuwa nikifika mlango wa wodi ya wanaume saa moja asubuhi, nikisoma kibao cha mlangoni mara tatu kabla ya kuingia. Kuna wenzangu waliokuwa wakitapika chooni kisha wanaingia wanatabasamu. Kuna aliyeacha kula nyama mwaka mzima.

Siku moja tulimwuliza kwa nini tusiandike tu maneno ya kawaida, hofu ikishasemwa si imesemwa. Alikuwa anachonga penseli. Akajibu bila kuinua macho.

"Hofu ukiiacha ovyo ni kama maji ya mvua, huingia kila chumba. Ukiipimia nane kwa nane, umeitia ndooni. Utajua ni kiasi gani, na utajua kama waweza kuibeba."

Basi tukaipimia. Na ajabu ni kwamba ilisaidia, ingawa sikutaka isaidie. Palikuwa na mwenzetu mmoja, jitu refu kutoka Kitui, ambaye akiona damu huanguka kama mnazi uliokatwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea na vina vyake vibaya mno. Mwalimu alimrudishia ubeti wake juu ya damu mara saba. Mara ya kwanza alilia. Mara ya nne alikasirika. Mara ya saba alisema kwamba damu imemchosha, hataki kuisikia tena, apewe kitu kingine cha kuogopa. Wiki ile ile alimshonea mtu kichwa, akasimama mpaka mwisho. Leo yuko chumba cha upasuaji, na akija Mombasa hunipigia simu tumcheke yule kijana aliyekuwa.

Mwalimu alikuwa na kanuni juu ya kila kitu, na nusu ya kanuni zake alizivunja mwenyewe. Alikataza kulia wodini, lakini nyuma ya stoo ya mashuka aliweka kiti kimoja cha mbao, na kila mtu alijua ni cha nini. Ulikaa dakika tano, ukalia, ukanawa uso, ukarudi. Ukizidisha dakika tano alikuja mwenyewe kugonga mlango kwa ufunguo. Alisema mgonjwa asidanganywe kamwe, kisha nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia mtoto kwamba sindano haiumi. Nilipomtazama alinitolea macho. Alidharau umbea, na alijua habari za kila nyumba kuanzia Kibokoni mpaka Makadara. Harusini ndiye alikuwa wa kwanza kuingia kwenye vugo, ngoma ya wanawake, na akiimba sauti yake ilipasua, hata bibi harusi akafunga masikio. Asubuhi yake alikuwa wodini amenyooka kama rula, ungesema hajawahi kucheka tangu azaliwe.

Mkono wake ulikuwa baridi daima. Kabla hajamgusa mgonjwa aliusugua kwenye sare yake, mara tatu, kisha akamwambia jina lake na anachotaka kufanya. Hata aliyezimia alimwambia. Hata maiti. Mara yangu ya kwanza kumwosha maiti nilimsikia akisema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Sasa nakugeuza ubavu wa kulia, bwana." Nywele zilinisimama. Baadaye nikaona kwamba nami nafanya hivyo, na mpaka leo nafanya.

Na palikuwa na ahadi. Alitupa siku ya kwanza na hakuirudia, maana hakuona haja. Cha daftari hakitoki daftarini. Hofu utakayoiandika mle haitasomwa mbele za watu, haitapelekwa ofisini, haitatumiwa kukupima kama wafaa au hufai. Yeye peke yake huisoma, hukupigia mstari mwekundu pale mizani ilipopungua, na Alhamisi hukurudishia. Sisi tulijua kwamba huyasoma madaftari Alhamisi alfajiri, akishasali, kabla ya kuja kazini. Mwenyewe alituambia hivyo. Kwa hiyo tuliandika humo mambo ambayo hatukuwaambia hata mama zetu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ilikuwa muhula wetu wa tatu. Siku ya Jumanne nilikuwa namlisha uji mzee mmoja kitanda cha kumi na moja. Alikuwa ananitazama, kisha akawa hanitazami. Sikuona tofauti ilipoingia. Nilikuwa bado nimeshika kijiko, na kijiko kilikuwa bado mdomoni mwake. Nilikwenda kwenye kiti cha nyuma ya stoo, nikakaa dakika zangu tano, na machozi hayakuja. Kilichokuja ni baridi ya vidole, na vidole vile vilikaa baridi siku nzima, na usiku, na kesho yake.

Kitanda cha kumi na mbili alikuwa amelala mchukuzi wa bandarini Kilindini. Mzigo uliofungwa vibaya ulikuwa umemwangukia ubavuni siku mbili nyuma. Kwa nje hakuwa na neno, mchubuko tu. Daktari alimlaza ili atazamwe, basi, isije ikawa kuna kitu ndani. Kutazamwa maana yake ni kupimwa presha na mapigo kila baada ya saa nne na kuandikwa kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Alikuwa mtu wa mzaha. Asubuhi ya Jumatano aliniuliza kama nimekula, akasema sura yangu ni ya mtu anayehitaji kulazwa kuliko yeye.

Saa nane mchana ilikuwa zamu yangu kumpima. Nilisimama miguuni pake na kipimo mkononi. Alikuwa amefumba macho, kimya, na jasho limemtoka kwenye paji la uso. Nikajiambia amelala. Nikajiambia ni joto. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kumgusa. Niliogopa nikimfunga kile kitambaa mkononi nitapata namba mbaya, na nikipata namba mbaya naye atafanya kama yule mzee, akiwa mikononi mwangu. Kwa hiyo nikatazama namba za saa nne asubuhi. Mapigo themanini na mbili, nikaandika themanini na nne. Presha mia na ishirini kwa themanini, nikaandika mia na kumi na nane kwa themanini. Nilizibadilisha kidogo ili zionekane za kweli. Mwandiko wangu haujawahi kupendeza kama mchana ule.

Saa kumi nikakaa darasani na daftari. Ningeweza kuandika juu ya mzee wa uji, na kila mtu angenihurumia. Lakini mkono ukaandika huu, na nimeuhifadhi kichwani mpaka leo bila kupenda:

Mwalimu ninayo hofu, kifuani yarindima,
Namba zile ni dhaifu, mkono haukupima,
Nimeandika nadhifu, nakariri za nyuma,
Jana nimeona mfu, leo nguvu zimekoma.

Nilipoliweka daftari mezani kwake nilihisi nafuu, na hilo ndilo ninalojichukia nalo zaidi. Nilihisi nimesema. Nilikwenda nyumbani, nikala wali, nikalala kama mtoto.

Alhamisi niliingia wodini saa moja kasorobo, nikamkuta Mwalimu ameshafika. Hakuwa mtu wa kufika wodini saa ile. Alikuwa ameinama kitanda cha kumi na mbili, kipimo masikioni, mtandio umemtoka kichwani na hana habari nao. Mchukuzi alikuwa rangi ya majivu. Nilisikia Mwalimu akimtajia namba nesi aliyekuwa kando yake. Tisini kwa hamsini. Mapigo mia na thelathini. Kisha wakamsukuma mbio kuelekea chumba cha upasuaji, gurudumu moja la kitanda likilia njia nzima, nami nimebaki nimebanwa na ukuta. Nesi wa usiku alikuwa peke yake na wodi imejaa. Alikuwa ametazama namba zangu, akaona shwari, akaruka kumpima, akaenda kwa waliozidiwa. Nani angemlaumu? Namba zilikuwa nzuri.

Mwalimu alirudi baada ya muda. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye stoo ya mashuka, akafunga mlango. Nilidhani atanipiga. Natamani angenipiga.

"Ubeti wako nimeusikia," akasema. "Mimi siutoi daftarini, niliahidi. Utakwenda kwa sista mkubwa wa wodi, useme kwa kinywa chako. Bila vina."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nitafukuzwa, mamangu ameuza vitu vyake ili nisome. Kisha akafungua mlango, akaniweka mkono mgongoni, akanisukuma. Sisemi kwa mfano, alinisukuma kweli, mpaka nikapiga hatua mbili bila kutaka. Kutoka stoo mpaka chumba cha sista mkubwa ni hatua thelathini hivi, na kila hatua nilisikia viatu vyake nyuma yangu. Nilipogeuka nikitaka kurudi, alikuwa amesimama katikati ya njia. Nikaingia, nikasema. Sikumbuki nilisemaje. Nakumbuka sista mkubwa aliweka kalamu chini polepole na kuvua miwani.

Bandama lilikuwa limepasuka, likivuja tangu jana yake. Mchukuzi alifariki Ijumaa, kabla ya sala.

Nilisimamishwa muhula mzima. Ofisi ikanikataza nisiseme neno na jamaa za marehemu, kwamba mambo hayo yana watu wake. Ikamkataza na Mwalimu mashairi yake, ikidai kwamba yanawazoesha wanafunzi kuungama kwenye karatasi badala ya kuripoti. Wallahi, sikuweza kuwapinga. Mimi ndiye niliyewapa ushahidi.

Niliapa sivai tena sare. Nilikuwa nikisikia kipimo cha presha kinapumua hata kwenye pampu ya baiskeli ya jirani. Mwezi wa pili wa adhabu yangu Mwalimu akaja nyumbani kwetu Makadara. Akakaa na mama, wakanywa kahawa, wakasema ya harusi na ya misiba. Akaniita. Akaniambia nikiacha sasa, hofu itanimeza mzima na haitatema hata kifupa. Nirudi nayo. Mama alilia, mimi nilirudi. Na tangu siku hiyo kila presha nampima mtu mara mbili, hata aliye mzima, hata kama wenzangu wananicheka, na usiku huota nikimwona mtu wa rangi ya majivu, na kila mara ni mimi peke yangu niliyesimama miguuni pake. Nimemuua mtu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwa miaka kumi na miwili, kila asubuhi nikipiga mswaki.

Mashairi hayakufa. Alipostaafu aliyahamishia nyumbani kwake, ghorofa ya juu kwenye nyumba ya mawe yenye ngazi zinazomtoa mtu pumzi. Jumamosi asubuhi wanafunzi wa uuguzi hupanda, wengine hata hawajui kwamba yaliwahi kukatazwa. Huandika kwenye simu siku hizi, na yeye huwakoromea lakini huwasomea. Chuo nacho kimebadilika. Wameingia wakubwa wapya, wamesikia kwamba utungaji huwatuliza wanafunzi, wakaamua kumwita Mwalimu mbele ya watu wampe heshima yake. Nami nikaombwa niseme machache, kama mfano wa mwanafunzi aliyeokolewa na ushairi. Nilikubali. Nilipoweka simu chini nilitoa kalamu niandike hotuba, nikaandika tarehe tu.

Siku nne kabla ya sherehe hiyo akamtuma mpwa wake aniite niende kumwona. Ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri. Nilimkuta kitandani, miguu imevimba, amepungua sana, pete zimemhama vidole. Nilimwamkia akanijibu kwa sauti nzuri, akanikaripia kwa kuchelewa, akamwagiza mpwa wake alete kahawa na afunge mlango kwa ajili ya wale nyang'au, yaani paka. Nikacheka. Kisha mpwa akatoka, na Mwalimu akabadilika uso. Nimeuona uso ule kwa watu wanaongoja majibu ya maabara.

Akaniambia kwamba hatakwenda kupewa heshima mpaka aniambie neno. Akasema madaftari yale hakuwa akiyasoma alfajiri tu. Siku za uchovu aliyaanza jioni, apunguze kazi. Jumatano ile, baada ya magharibi, alilifungua langu.

"Niliusoma ule ubeti kwa vidole, mwanangu," akasema, na akainua mkono wake, akanionyesha, kidole kimoja kimoja. "Nikahesabu. Mshororo wa tatu umepungua mizani moja. Nikaupigia mstari mwekundu, nikalifunga daftari, nikalala. Alfajiri nimo katika sala, ndipo nikasikia ulichosema."

Nilikuwa nahesabu. Magharibi mpaka alfajiri. Usiku kucha mtu yule alikuwa anavuja, na maneno yangu yako juu ya meza yake yana alama nyekundu.

Sitawadanganya kwamba nilimhurumia. Kitu cha kwanza kilikuwa hasira, ilinipanda mpaka nikaona kiza. Miaka kumi na miwili nimebeba mzigo wa watu wawili, naye anajua. Alinisukuma kwenye njia ile mbele ya wagonjwa wote, naye anajua. Nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu, kwa nini hakusema.

"Niliogopa," akasema. "Wewe ulikuwa na mimi wa kukusukuma. Mimi sikuwa na mtu."

Kahawa ikaletwa, ikapoa. Nje watu walikuwa wakishuka ngazi na kusalimiana kama siku yoyote. Nilitaka kuondoka, nikabaki nimekaa. Baada ya muda nikamwuliza kama mke wa marehemu bado yu hai. Akasema yu hai, yuko Tononoka, nyumba ya tatu kutoka uwanjani. Alijuaje? Alikwenda kwenye hitima ya marehemu, akaketi na wanawake, akala pilau, akarudi nyumbani bila kusema. Alipomaliza kuniambia hilo aliweka mkono juu ya macho.

Nikasimama. Nikatafuta mtandio wake, nikamfunga. Nikamwambia twende. Alisema leo hawezi, miguu. Alisema tungoje sherehe ipite. Alisema mama yule ameshapoa, kwa nini kumfukua. Yote hayo nilikuwa nimejiambia mwenyewe kwa miaka, neno kwa neno. Nilimweka mkono mgongoni. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu. Nikamsukuma polepole kuelekea mlangoni.

Tulishuka ngazi kwa nusu saa. Kwenye tuktuk nilikuwa naogopa kuliko siku ya sista mkubwa, maana siku ile nilijua watakachonifanya. Mtu aliyefiwa na mume hujui atakufanya nini. Tulipofika Tononoka, Mwalimu alinishika mkono kwa ule mkono wake baridi. Nikabisha hodi mimi. Tulisikia ndara zinakuja, na katika muda ule mdogo nilitamani sana tuwe tumekosea nyumba.

Mama yule alitukaribisha vizuri, kama mtu yeyote wa hapa anavyomkaribisha mgeni asiyemjua. Tukavua viatu, akatuketisha mkekani, akatuletea maji. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye kuongea polepole. Mwalimu alikunywa maji yote, akaweka gilasi chini, akasema yeye ni mwalimu wa wauguzi, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake katika wodi aliyolala mumewe. Akasema yote. Hakupamba na hakulia. Alisema namba hazikupimwa, alisema daftari alilifunga, alisema usiku ulipita. Zamu yangu ilipofika nami nikasema langu. Niliyasema nikitazama mkeka, ukindu mwekundu na mweusi, na nilipomaliza sikuthubutu kuinua kichwa.

Nilingoja atufukuze. Nilingoja aite majirani.

"Jumatano ile saa kumi, saa ya kutazama wagonjwa, nilikuwapo," mama akasema. "Nimempelekea wali wa nazi. Akaniambia tumbo lamuuma, na bega. Nikamwita nesi, nesi akatazama karatasi, akasema namba zake nzuri, hana neno." Akalishika gilasi la Mwalimu, akalizungusha. "Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia adeka, na wenziwe wamtazama. Akanyamaza kweli. Hakusema tena mpaka naondoka."

Mama hakututazama. Alikuwa akilitazama lile gilasi. Akasema kwamba hilo hajamwambia mtu, hata wanawe, na kwamba kila mwaka hitima ikisomwa huomba radhi kwa lile neno moja. Alikuwa hajui kwamba karatasi ilikuwa ya uongo. Alidhani karatasi ilikuwa kweli na yeye ndiye hakusikia.

Kisha akasogea, akakaa nasi kwenye mkeka, karibu kabisa, goti lake likagusa langu. Akatuomba tumweleze tena tangu mwanzo, taratibu, tusiruke kitu.

Nikaanza mimi.